Watu na Asili Zao: Ukoo wa O'Donnell wa Ayalandi

Upande wa kaskazini magharibi wa kisiwa cha Ayalandi, mahali ambapo mawimbi ya Atlantiki huyapiga majabali mchana na usiku, iko nchi iitwayo Donegal. Hapo kale iliitwa Tír Chonaill, maana yake nchi ya Conall, na kwa muda wa miaka ipatayo 400, hata kufikia mwaka wa 1607, ilitawaliwa na ukoo wa O'Donnell. Herufi O iliyo mbele ya jina maana yake ni mjukuu au mzao. Basi hao ni wazao wa Domhnall.

Wazee wao walihesabu nasaba yao hadi kwa Conall Gulban, mwana wa Mfalme Niall wa masimulizi ya kale. Katika nasaba hiyo hiyo alizaliwa Mtakatifu Columba, aliyevuka bahari mwaka wa 563 akajenga monasteri katika kisiwa cha Iona, Uskoti. Kitabu cha Zaburi kinachosemwa kuwa kiliandikwa kwa mkono wake kilikuwa amana kuu ya ukoo. Kilihifadhiwa ndani ya sanduku lililopambwa kwa fedha, kikaitwa Cathach, yaani Mpiganaji. Kwani kabla ya vita mtu wa dini alikichukua na kulizunguka jeshi mara tatu, ili kuomba ushindi.

Utawala haukuwa haki ya mzaliwa wa kwanza peke yake. Jamaa walimchagua aliyefaa miongoni mwao, naye akasimikwa penye mwamba wa Doon, karibu na Kilmacrenan, akakabidhiwa fimbo nyeupe. Desturi hiyo ilileta mashujaa, lakini ilileta na fitina kati ya binamu na binamu.

Shujaa aliyesifiwa kuliko wote ni Hugh Mwekundu, aliyezaliwa mwaka wa 1572. Mwaka wa 1587, alipokuwa bado kijana wa miaka 14, alialikwa kunywa mvinyo katika merikebu iliyotia nanga Rathmullan. Ulikuwa ni mtego wa serikali ya Kiingereza. Alichukuliwa hadi Dublin akafungwa ngomeni. Alitoroka wakati wa baridi kali, akapita milima yenye theluji. Mwenzake mmoja alikufa njiani, naye mwenyewe alikatwa vidole gumba vya miguu vilivyoharibiwa na baridi. Hata hivyo, mwaka wa 1592 alisimikwa kuwa mkuu wa ukoo.

Hugh alishirikiana na ukoo jirani wa O'Neill, wakapigana na Waingereza miaka mingi. Mwisho wake ulikuwa Kinsale, kusini kabisa mwa kisiwa, ambako walishindwa katika majira ya baridi ya mwaka wa 1601. Hugh alikwenda Hispania kuomba msaada, akafariki huko mwaka wa 1602, kabla hajatimiza miaka 30, akazikwa katika mji wa Valladolid.

Nduguye, Rory, alifanya amani na Waingereza, lakini hakuaminiwa. Mwezi wa Septemba 1607, yeye na Hugh O'Neill, pamoja na jamaa na watumishi wao, jumla yao watu wapatao 99, walipanda merikebu wakaiacha nchi yao. Nao waliondoka katika bandari ile ile ya Rathmullan. Walikusudia Hispania, lakini tufani iliwasukuma hadi Ufaransa. Rory alifika Roma, akafa huko mwaka 1608. Huku nyuma ardhi yao ilitwaliwa ikagawiwa walowezi waliotoka Uingereza na Uskoti. Wengi waliobaki wakawa wapangaji katika mashamba ya baba zao.

Binamu yao, Niall Garbh, alikuwa amewasaidia Waingereza vitani kwa kutumaini kwamba atapewa utawala. Hakupewa. Alitiwa gerezani katika Mnara wa London hadi alipokufa mwaka wa 1626. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Waliohama hawakupotea. Leopoldo O'Donnell, aliyezaliwa Tenerife mwaka wa 1809, alikuwa waziri mkuu wa Hispania mara tatu. Aliongoza jeshi katika vita vya Moroko vya mwaka wa 1859 na 1860, akapewa jina la heshima la Duki wa Tetuán. Katika mji wa Vienna, mwaka wa 1853, Maximilian O'Donnell alimwokoa Mfalme Franz Joseph kutoka kwa mtu aliyemchoma kisu. Watu wa kawaida hawakupata vyeo hivyo. Njaa kuu iliyoanza mwaka wa 1845, viazi vilipooza mashambani, iliwasukuma wengi kwenda Marekani na Uskoti kutafuta riziki.

Na Cathach je? Nacho kilihama. Daniel O'Donnell, askari aliyetumika katika jeshi la Ufaransa, alikitunza ugenini, akalitengeneza sanduku lake mwaka wa 1723. Kilirudi Ayalandi mwaka wa 1813, na sanduku lilipofunguliwa zilionekana karatasi 58 za ngozi zenye maandiko ya Zaburi. Leo kinahifadhiwa Dublin. Ardhi haikurudi kwa ukoo, lakini amana ilirudi. Na mzao wa O'Donnell atokaye Madrid au Boston aweza kwenda kutazama kile ambacho mababu zake walikibeba vitani. Mwacha asili ni mtumwa.