Mtani asiyeruhusiwa kujibu

Jumamosi moja jioni nilialikwa ufukweni Dunga, nje kidogo ya kitovu cha jiji la Kisumu, na rafiki niliyesoma naye chuo kikuu miaka mingi iliyopita. Siku hizi anaishi Ulaya, na alikuwa amerejea nyumbani kwa likizo. Mezani tulikuwa watano: yeye, mimi, Wazungu wawili ambao kazi za utafiti wa afya zimewaweka Kisumu kwa miaka kadhaa, na kijana mmoja Mganda ambaye hakueleza namna alivyofika upande huu wa ziwa, wala hapakuwa na aliyemwuliza. Tuliletewa ngege wa kukaanga, ugali na mboga za kienyeji. Katika watu hao watano, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na mke wa kweli.

Hilo nililijua upesi kwa sababu mazungumzo yote ya jioni ile yalihusu wake. Mzungu wa kwanza alikuwa amemwambia mwenye nyumba wake kwamba mkewe ni muuguzi anayengoja viza, na viza hiyo sasa imekawia miaka mitatu. Mke wa pili aliogopa mbu. Mke wa rafiki yangu, yule anayesimuliwa kwa shangazi kila Krismasi, ni msomi asiyependa kupigwa picha. Kijana Mganda alikuwa na mchumba Jinja ambaye mahari yake hupanda kila mara jamaa wanapouliza habari za harusi.

“Shemeji hajambo?” aliuliza mmoja.

“Hajambo, ila wamemnyima viza tena.”

“Pole. Wangu amenenepa.”

“Umejuaje, na hajawahi kuja?”

“Nilimnenepesha mwenyewe jana, mbele ya mwenye nyumba.”

Walicheka hata wavuvi waliokuwa wakishusha nyavu wakageuka kututazama. Nami nilicheka. Niliyaona mazungumzo hayo kuwa ni binamu wa pakruok, yale majigambo ambayo Waluo huyatoa katikati ya ngoma, mtu akasimama, akalipia nafasi yake, akajisifu na kuwasifu aliokuja nao kwa mafumbo. Tofauti ni kwamba katika pakruok mtu hutukuza alichonacho, na hawa walikuwa wakitukuza wasichonacho.

Lakini sikio la mtu wa isimu halitulii. Kabla sahani hazijaondolewa, nilikwisha kutambua kwamba vicheko vya meza ile vilikuwa na ngazi tatu. Wazungu walicheka kwa sauti kamili. Rafiki yangu alicheka nusu, huku jicho lake likiwa mlangoni. Kijana Mganda alicheka akiwa amefumba mdomo, na kila mhudumu alipokaribia, yeye alikuwa wa kwanza kunyamaza na wa mwisho kurejea katika mazungumzo. Mzaha ulikuwa mmoja, ila kila mmoja aliulipia bei yake.

Walimu wa fasihi simulizi huwafundisha wanafunzi soga na malumbano ya utani kama vipera vya mazungumzo. Aghalabu somo huishia kwenye ufafanuzi na mifano miwili mitatu. Ni hasara, kwani utani una historia nzito katika eneo hili letu la Afrika. Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilipokuwa ikitoka bara kwenda pwani na kurudi, wapagazi wa Kinyamwezi walipita katika nchi za watu wasiowajua. Utani kati yao na watu wa njiani, kama vile Wazaramo, ulikuwa ndio hati yao ya kusafiria. Mtani aliweza kukutukana usikasirike, akakunyang'anya kuku usishtaki; lakini ukifa ugenini, mtani huyo huyo alikuwa na wajibu katika mazishi yako. Kwa hiyo utani ulikuwa zaidi ya kuchekesha. Ulikuwa bima ya msafiri aliye mbali na ukoo wake.

Nguzo ya bima hiyo ni moja: mtani ana haki ya kujibu. Ukinitania nami nakutania. Haki hiyo ikiondolewa, maneno yanaweza kubaki yale yale, lakini huo si utani tena, ni dhihaka.

Watu wanaopenda wa jinsia yao wamekuwa wasafiri wa aina hiyo katika nchi nyingi, wengine bila hata kuondoka mjini kwao. Uingereza, kabla ya sheria kulegezwa, wanaume wa namna hii walikuwa na msimu wao ulioitwa Polari. Maneno yake yaliokotwa kutoka kwa mabaharia, wacheza sarakasi na waigizaji, mengine yakiwa na asili ya Kiitaliano au Kiromani, na mengine yakiwa ni Kiingereza kilichogeuzwa nyuma mbele. “Bona” ni zuri, “vada” ni tazama, “omi” ni mwanamume. Watu wawili wasiojuana waliweza kutambuana baani kwa neno moja, na askari aliyeketi karibu nao asielewe kitu. Kati ya mwaka 1965 na 1968 mchezo wa redio wa BBC, Round the Horne, uliwatia wahusika wawili, Julian na Sandy, waliosema Polari hadharani, na taifa zima likacheka.

Mwaka 1967 sheria ya England na Wales ilibadilishwa, mapenzi ya faragha kati ya wanaume wawili watu wazima yakaacha kuwa jinai. Katika miaka iliyofuata Polari ilififia. Sababu hazikuwa moja: redio ilikuwa imefichua siri, na vijana waliodai haki zao waliiona kuwa ni mabaki ya enzi ya kujificha. Hata hivyo, lililo muhimu ni kwamba hakuna aliyeipiga marufuku. Ilikosa kazi, na lugha isiyo na kazi hufa. Mwanaisimu Paul Baker alipochapisha kitabu juu yake mwaka 2002, tayari aliiita lugha iliyopotea.

Afrika Kusini nako, hasa miongoni mwa Machotara wa Cape Town, ulizuka msimu uitwao Gayle, ambao huficha maneno ndani ya majina ya wanawake. Kinywaji ni Dora. Polisi ni Priscilla. Mtu aliyesema kwamba Priscilla anakuja hakuwa akimkaribisha mgeni. Majirani zetu wa Uganda nao walijitwalia neno “kuchu”, nalo limewafuata wengi wao hadi upande huu wa mpaka.

Ukiziweka lugha hizi pamoja, utaona kwamba msimu wa maficho ni kama kipimajoto. Kadiri watu wanavyolazimika kufumba maneno ya kawaida kama mke, mpenzi na nyumbani, ndivyo unavyojua kiasi cha woga kilichomo katika jamii yao. Wake wa kubuni wa pale Dunga ni kipimo cha Kisumu, si cha wale waliowabuni tu.

Basi tutazame joto lenyewe. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya, urithi wa utawala wa Mwingereza, kinatoa kifungo cha hadi miaka 14. Waingereza waliotuachia kifungu hicho wamekwisha kukifuta kwao. Sisi tumekihifadhi kama vyombo vya mgeni aliyesahau kurudi kuvichukua. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba watu hawa wana haki ya kusajili chama chao kama raia wengine, katika kesi iliyoanza mwaka 2013. Mwaka huo huo wa 2023 mbunge wa Homa Bay Mjini, George Peter Kaluma, aliandaa mswada wa adhabu kali zaidi. Na tarehe 26 Mei mwaka huo Rais wa Uganda alitia saini sheria yenye kifungo cha maisha, na hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa.

Sasa ngazi tatu za vicheko zinaeleweka. Sheria ya Kenya inamhusu Mzungu pia, lakini akitishwa ana ubalozi, ana mwajiri na ana tikiti ya ndege. Rafiki yangu ana tikiti hiyo hiyo, ila ana shangazi pia. Kijana Mganda hana tikiti, na nchi iliyo nyuma yake ni hatari kuliko iliyo mbele yake. Naomba wageni wetu walifikirie hilo. Mzaha unaosemwa kwa sauti ya juu katika meza ya ufukweni husikika mpaka meza za jirani, na kesho yake mgeni akiwa Amsterdam, mwenyeji aliyeketi naye ndiye atakayeulizwa.

Yamkini kuna msomaji atakayesema kwamba haya yote ni mambo ya ng'ambo na hayana mizizi kwetu. Mimi si kadhi wala askofu, na sikukusudia kumfundisha mtu dini yake. Lakini kuhusu lugha nina la kusema. Maneno shoga, basha na msagaji hayakuletwa na Wazungu wa utafiti. Yamo katika Kiswahili tangu zamani, na lugha haihangaiki kuwapa majina watu ambao haiwaoni. Atatokea mwanafunzi hodari aniambie kwamba Kiswahili kina neno zimwi pia. Ni kweli, ila sijasikia zimwi likifukuzwa shule.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika, kwani wasomaji wa safu hii wengi ni walimu na wanafunzi. Neno shoga lina maisha mawili. Pwani, wanawake marafiki huitana hivyo kwa mapenzi. Nimeshuhudia mwalimu aliyetoka Mombasa akimwita mwenzake “shoga yangu” katika shule moja ya huku ziwani, na darasa zima likaangua kicheko asichokielewa. Huku bara tumelipokea neno hilo likiwa na maisha yake ya pili tu, nayo tumeyafanya jiwe la kurushia.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumkagua mwanafunzi wangu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule ya wavulana ambayo sitaitaja. Mvulana mmoja mwenye sauti nyororo alisimama kusoma shairi. Kutoka nyuma ya darasa mtu akatupa neno lile. Darasa likacheka, mwalimu akatabasamu, na mvulana akaketi kabla ya kumaliza ubeti. Tulipokuwa tukijadili somo baadaye, nilimwuliza mwalimu wangu huyo chipukizi kwa nini alinyamaza.

“Ni utani tu, mwalimu,” akanijibu kwa adabu.

Nikamwuliza: kama ni utani, yule kijana angeweza kujibu nini?

Alifikiri muda mrefu. Kijana angekana, kicheko kingeongezeka. Angekubali, angejitia hatarini. Angetukana, angeadhibiwa. Angenyamaza, kama alivyonyamaza, na kimya chake kingehesabiwa kuwa jibu. Hapakuwa na neno hata moja katika Kiswahili chote ambalo lingemwezesha kumaliza ubeti wake.

Simwombi mwalimu yeyote abadili imani yake, wala simwombi achunguze ni nani kati ya wanafunzi wake ni nani, heri asichunguze. Namwomba atumie kipimo ambacho wazee wetu wa misafara walikijua: anayetaniwa ana jibu? Kama analo, waachie wacheke. Kama hana, somo lisimame papo hapo, aliyetupa neno akemewe, na msomaji aambiwe aendelee na ubeti wake.

Usiku ule pale Dunga, tulipokuwa tukinyanyuka, kijana Mganda alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza jioni nzima kunitania mimi.

“Na mkeo, mwalimu, hajambo?”

“Hajambo,” nikasema. “Yuko nyumbani, ananingoja.”

Wote wakanyamaza kwa nukta moja, kisha wakacheka sana, na yeye akacheka pamoja nao. Sikuwa nimesema mzaha. Nilikuwa nimejibu tu, kama mtu yeyote aulizwaye habari za nyumbani kwake.