Komredi, jitolee michezoni lakini usitumike bure

Ikiwa unasomea usimamizi wa michezo chuoni, bila shaka umewahi kuulizwa swali hili nyumbani: "Sasa wewe ukimaliza utakuwa kocha ama refa?" Unajaribu kueleza kwamba husomei ukocha na hutapuliza kipenga. Unataja udhamini, viwanja, tiketi, sheria za michezo, uandalizi wa mashindano. Mjomba anatikisa kichwa kwa heshima, anamaliza chai yake, kisha anauliza: "Na hiyo kazi huandikwa wapi?"

Tuseme ukweli, mjomba ameuliza swali la maana. Mwalimu ana TSC. Muuguzi ana hospitali. Wewe huna mlango mmoja wa kubisha. Michezo yetu inaendeshwa na mashirikisho yenye wafanyakazi wachache, klabu ambazo wakati mwingine hata mishahara ya wachezaji ni shida, na hafla zinazoanza Ijumaa na kuisha Jumapili. Nafasi nyingi hazitangazwi gazetini. Hupewa mtu ambaye tayari anajulikana kwamba kazi anaiweza.

Ndiyo maana kila mhadhiri anakwambia ujitolee, na hapo nakubaliana naye. Nisichokubali ni jinsi tunavyoambiwa tujitolee: popote, kwa lolote, bila kuuliza swali. Mimi nasema jitolee, lakini weka masharti. Bila masharti utamaliza miaka minne ukiwa na fulana kumi za hafla mbalimbali, kisha uanze kutarmaki kama wengine.

Nianze na yangu. Nikiwa mwaka wa tatu nilijitolea katika mbio fulani za barabarani. Tuliambiwa tufike saa kumi alfajiri. Saa hiyo matatu hakuna, kwa hivyo nikalipa boda pesa ambazo zilikuwa za chakula cha siku mbili. Kazi yangu ilikuwa kugawa maji. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimepewa fulana na soda, nikapiga picha, nikaposti. Marafiki wakanisifu kweli kweli.

Miezi michache baadaye niliitwa kwenye mahojiano ya nafasi ya mafunzo ya nyanjani. Mama aliyekuwa akinihoji alisoma CV yangu pole pole. "Umeandika hapa ulihusika katika uandalizi wa mbio. Ulifanya nini hasa?" Nikasema niligawa maji. Hakucheka. Akauliza wakimbiaji walikuwa wangapi, maji yalitosha au yaliisha, kituo cha huduma ya kwanza kilikuwa umbali gani, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kusimamisha mbio mtu akizimia. Sikujua hata moja. Nafasi ile sikuipata, na sikuwa na wa kulaumu.

Sidharau kugawa maji. Mkimbiaji akikosa maji kwenye jua la Nairobi anaweza kupoteza maisha. Ninachosema ni kwamba nilikuwa katikati ya darasa kubwa la usimamizi wa michezo, na nikatoka bila kujifunza kitu kwa sababu sikuuliza.

Na usidhani kazi ya usimamizi haipo. Ipo, tena inatugharimu sana inapokosa wa kuifanya. Kumbuka Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa CHAN. Harambee Stars walitupa raha. Waliipiga Morocco 1-0, Morocco hao hao waliokuja kutwaa kombe, na wakaongoza kundi lao. Uwanjani tulikuwa sawa. Shida ilikuwa langoni. Mashabiki wasio na tiketi walijipenyeza Kasarani kwa nguvu, na CAF ikajibu kwa kupunguza mashabiki hadi 27,000 katika mechi dhidi ya Zambia na kuruhusu tiketi za kielektroniki pekee. Watu waliotaka kuingia kwa njia halali wakafungiwa nje. Hilo halikuwa kosa la straika wala la kipa. Lilihusu tiketi, malango, foleni na walinzi, yaani mambo yaliyo kwenye noti zako za muhula wa pili.

Rudi nyuma kidogo. Olimpiki ya Rio mwaka 2016, wanariadha wetu walileta dhahabu 6. Lakini ukitaja Rio leo, wengi wanakumbuka sare zilizopotea na kesi zilizofuata. Mnamo 2022 FIFA ilitufungia nje ya soka ya kimataifa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mvutano kati ya serikali na shirikisho kuhusu nani aendeshe soka. Mwaka huo huo tuliponea chupuchupu kufungiwa katika riadha kwa ajili ya dawa za kusisimua misuli, ikabidi serikali iahidi dola milioni 25 kwa miaka 5 kupambana na tatizo hilo. Mara nyingi tunaponyang'anywa raha yetu, chanzo kiko afisini.

Sasa AFCON 2027 inakuja huku kwetu, tena na majirani wale wale wawili. Uwanja wa Talanta pale karibu na barabara ya Ngong umepangwa kubeba watu 60,000. Nani atasimamia malango yake? Nani atapanga vibali vya wanahabari, usafiri wa timu, viti vya watu wenye ulemavu, njia za kutokea watu wakianza kukimbia? Ukingoja 2027 ifike ndipo utafute nafasi, utapewa jaketi ya rangi na kuambiwa usimame hapo. Anayetaka kukabidhiwa redio ya mawasiliano aanze leo.

Aanzie wapi? Anza chuoni. Mashindano ya vyuo vikuu yanahitaji watu wa kupanga ratiba, malazi, usafiri na matokeo. Afisi ya michezo ya chuo chako huenda ina mfanyakazi mmoja au wawili waliochoka. Nenda uwaambie: nipeni voliboli ya wanawake, nitawatunzia rekodi zake muhula mzima.

Pili, angalia upande wa dawa haramu. ADAK ndilo shirika la kitaifa linalosimamia vita hivyo. Katika shughuli ya kupima kuna kazi ya kumsindikiza mwanariadha: unamwarifu kwamba amechaguliwa kupimwa, kisha humpotezi machoni hadi afike chumba cha vipimo. Haifanywi na mtu yeyote tu, inahitaji mafunzo. Uliza mafunzo hayo hutolewa lini. Nchi yenye wakimbiaji wengi kama yetu itahitaji watu wa kazi hii kwa muda mrefu.

Tatu, nenda kwenye michezo ambayo wenzako hawaiwazii. Safari Rally ya Naivasha haiwezi kuendeshwa bila mamarshali wanaosimama kandokando ya njia kuzuia watu na mifugo. Usimamizi wa umati kwenye vumbi, bila ukuta wala lango, ni shule kubwa kuliko uwanja wowote.

Nne, na hapa ndipo mimi niliponea, rudi mtaani kwenu. Baada ya yale mahojiano nilienda kwa timu ya mtaa wetu iliyokuwa ikicheza ligi ya chini. Nikamwambia kocha, "Kochi, mimi sijui kucheza, lakini najua kuandika." Nilinunua daftari. Kila mechi niliandika nani alicheza, nani aliumia, nauli ilikuwa ngapi, marefa walilipwa ngapi, nani alichanga na nani aliahidi tu. Baada ya miezi mitatu daftari lilituonyesha jambo ambalo hakuna aliyelijua: nauli ilikuwa inakula pesa zetu kuliko kitu kingine chochote. Tukaanza kuomba mechi za timu ya wakubwa na ya vijana zipangwe siku moja, uwanja mmoja, gari moja. Kisha tukaenda na daftari lile kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alipoona hesabu imenyooka, akatununulia mipira na sare.

Usajili nao ulikuwa somo. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka mashirika ya michezo yasajiliwe kwa Msajili wa Michezo, na timu nyingi za mitaani huogopa karatasi hizo kama mtihani wa hesabu. Wewe uliyefunzwa sheria hiyo darasani unaweza kuwaongoza hatua kwa hatua. Mahojiano yaliyofuata nilibeba daftari. Niliulizwa maswali kwa zaidi ya nusu saa na nilikuwa na majibu.

Hayo basi ndiyo masharti yangu, na nakuomba uyafanye yako. Kabla ya kukubali kujitolea, uliza kazi yenyewe ni ipi na utaifanya chini ya nani. Uliza ni siku ngapi na saa ngapi. Uliza nauli na chakula ni vya nani. Omba mwishoni upewe barua inayosema ulichofanya, si cheti cha "kushiriki" chenye jina lako limekosewa. Na ukifika kazini, andika: idadi, majina ya vyeo, kilichoharibika na jinsi kilivyorekebishwa. Mwandalizi akikasirika kwa sababu umeuliza maswali haya, amekuonyesha mapema jinsi atakavyokutendea.

Najua utaniambia, "Kaka, mimi niko na HELB iliyochelewa na mama anauza mboga. Nitajitolea na nini?" Hoja hiyo siipuuzi. Kujitolea bila nauli ni mlango uliofunguliwa kwa watoto wa wenye nacho pekee. Wao hupata uzoefu, uzoefu huwapa kazi, kisha tunaambiwa walijituma kuliko sisi. Ndiyo maana nasema nauli si hisani. Hafla yenye wadhamini, mabango na jukwaa la muziki haiwezi kukosa nauli ya mwanafunzi aliyeamka saa nane usiku kuihudumia. Kama hawana, chagua kazi unayoweza kufika kwa miguu. Timu ya mtaa iko hapo nyuma ya nyumba.

Na wasituambie jambo hili haliwezekani. Chama cha MYSA kilianzishwa Mathare mwaka 1987, katika mtaa usio na pesa za kuchezea. Huko timu za watoto ziliweza kupata pointi za ligi kwa kufanya usafi mtaani. Vijana waliojitolea kama makocha, marefa na viongozi waliandikiwa pointi, na pointi hizo zikawasaidia kulipiwa karo. Kila saa ya kujitolea ilihesabiwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Kutoka mfumo huo ilizaliwa Mathare United, mabingwa wa ligi kuu mwaka 2008. Ikiwa Mathare iliweza kuhesabu jasho la mtoto wa miaka 12, shirikisho lenye afisi na kompyuta linashindwaje kuhesabu la mwanafunzi wa chuo?

Vyuo navyo visijifiche. Haitoshi kumwambia mwanafunzi "tafuta mahali pa mafunzo" kisha umpe fomu ya kugongwa muhuri. Chuo kinachofundisha usimamizi wa michezo kinafaa kukubaliana na mashirikisho, kaunti na klabu kabla ya muhula kuanza: wanafunzi wangapi, kazi gani, nani atawasimamia, nani atalipa nauli. Hadi AFCON, kila hafla inayopita bila mpango huo ni mazoezi tuliyokosa.

Lakini usiwangoje. Wikendi hii kuna mechi mahali fulani karibu nawe, na pengine hakuna anayeandika chochote. Nunua daftari, nenda mapema, tafuta mwenye timu, mwambie unachoweza kufanya na unachotaka kujifunza. Siku mjomba atakapokuuliza tena kazi hiyo huandikwa wapi, mfungulie daftari, aone imeandikwa.