Simba na Yanga Jumatano hii: pointi moja, miezi mitatu ya ugomvi, na kijana aliyepita Kindu

Jumatano hii, tarehe 25 mwezi wa sita 2025, Yanga na Simba wanakutana kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Mechi hii ilipaswa kuchezwa tangu tarehe 8 mwezi wa tatu. Haikuchezwa. Sasa imebaki kuwa mechi ya mwisho ya shampiona ya Tanzania, na ndiyo itakayosema nani anabeba kombe.

Kasongo, Kabambare, mpaka Salamabila, wapenzi wa mpira wako na hesabu kichwani. Kuna wenye kufuata kwa redio, kuna wenye kufuata kwa simu pale mtandao unapopatikana, na kuna wenye kulipa mlango ili waone kwenye televisheni inayowashwa kwa jenereta. Wengine wanauliza: mechi ya Dar es Salaam inatuhusu nini sisi watu wa Maniema ya kusini? Inatuhusu, na kwa njia zaidi ya moja. Lakini tuanze na mpira wenyewe.

Hesabu iko namna gani

Kila ekipe imeshacheza mechi 29 kati ya 30. Yanga iko na pointi 79, Simba iko na 78. Maana yake ni nyepesi: Yanga ikishinda, ni bingwa. Ikitoka sare, inafika 80, Simba inafika 79, na Yanga ni bingwa vilevile. Simba haina njia nyingine isipokuwa kushinda. Ikishinda inafika 81 na kombe ni lake.

Tuangalie vile kila moja ilifika hapa. Yanga imeshinda mechi 26, imetoka sare mara moja tu, na JKT Tanzania, na imefungwa mara mbili. Mara zote mbili ilikuwa mwezi wa kumi na moja mwaka jana, ndani ya juma moja: kwanza Azam 1-0, kisha Tabora United 3-1. Simba yenyewe imeshinda 25, imetoka sare tatu, na imefungwa mara moja tu msimu mzima. Na nani aliyeifunga? Ni Yanga, tarehe 19 mwezi wa kumi 2024, kwa goli moja la dakika za mwisho ambalo beki wa Simba, Kelvin Kijili, alijifunga.

Kwa hiyo mtu akisema Simba ni dhaifu mwaka huu, anakosea. Ekipe iliyofungwa mara moja katika mechi 29 si dhaifu. Shida yake ni kwamba ile mara moja alikuwa huyuhuyu mpinzani anayemngoja Jumatano.

Ugomvi wa mwezi wa tatu

Ili kuelewa joto la mechi hii, inafaa kukumbuka kilichotokea. Kanuni ya ligi inaruhusu ekipe mgeni kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi siku moja kabla. Jioni ya tarehe 7 mwezi wa tatu, Simba ilifika kwa Mkapa ikazuiwa kuingia. Usiku huo ikatangaza kwamba haitacheza. Siku ya mechi yenyewe, watu wakiwa tayari wameshanunua tiketi, Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga ikaenda uwanjani hata hivyo, ikasema yenyewe iko tayari na inataka pointi zake tatu.

Kisha zikafuata barua, vikao na maneno ya redioni. Yanga ilipeleka kesi mpaka mahakama ya michezo kule Uswisi, ikaambiwa imalize kwanza njia za nyumbani. Bodi ikapanga tarehe 15 mwezi wa sita, halafu ikasogeza tena hadi 25. Mwezi huu huu mwenyekiti wa Bodi, Steven Mnguto, akajiuzulu, na mtendaji mkuu akawekwa kando. Sasa waamuzi wanaletwa kutoka Misri, ili pasiwe na mtu wa kusema refa ni wa upande fulani.

Jambo hili watu wa huku wanalielewa bila kufafanuliwa sana. Hata kwenye mashindano ya mitaa au ya shule, mpira hauharibiki kwa sababu ya wachezaji. Unaharibika pale kanuni iko kwenye karatasi na kila mmoja anaisoma kwa upande wake. Mlango uliofungwa jioni moja umekula miezi mitatu. Kama Jumatano itaisha kwa amani, Tanzania itakuwa imepata zaidi ya bingwa.

Uwanjani tutegemee nini

Yanga inaingia ikiwa na faida ya sare, na faida hiyo inaweza kuwa mtego. Ekipe inayocheza kwa kulinda sare mara nyingi inarudi nyuma, inamwachia mpinzani mpira, na goli moja tu linapindua kila kitu. Kocha Miloud Hamdi, ambaye alichukua kazi mwezi wa pili, anajua hivyo. Tena hana Stephane Aziz Ki, aliyeuzwa kwa Wydad ya Morocco mwezi uliopita. Aziz Ki alikuwa anafunga kwenye mechi hizi. Mzigo wake sasa uko kwa Pacome Zouzoua, Clement Mzize na Prince Dube.

Simba ya kocha Fadlu Davids imetoka kwenye safari ndefu. Mwezi wa tano ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, ikatoka sare 1-1 kwenye marudiano Zanzibar. Kupoteza fainali kunauma. Lakini ekipe iliyofika huko imezoea mechi za presha, na golini iko na Moussa Camara wa Guinea, mtu asiyefungwa ovyo.

Kinachoisumbua Simba ni historia ya karibu. Mara ya mwisho kuifunga Yanga kwenye ligi ilikuwa tarehe 16 mwezi wa nne 2023, 2-0, na goli la kwanza dakika ya kwanza lilikuwa la mwana Kongo, Henock Inonga. Tangu hapo kwenye ligi ni Yanga tu: 5-1 mwezi wa kumi na moja 2023, 2-1 mwezi wa nne 2024, kisha ile 1-0. Ongeza 1-0 ya Ngao ya Jamii mwezi wa nane 2024. Ni mara nne mfululizo. Kombe la ligi lenyewe, Simba haijaligusa tangu msimu wa 2020-2021.

Dakika 30 za kwanza ndizo za kuangalia. Simba ikipata goli mapema, Yanga italazimika kutoka, na mechi itafunguka. Ikifika saa moja ya mchezo bado ni 0-0, Simba ndiyo itakayopandisha watu mbele na kuacha nafasi nyuma. Hapo ndipo wakimbiaji wa Yanga wanapenda. Kwa mizani, Yanga iko mbele kidogo. Lakini kidogo kweli.

Maniema iko ndani

Kati ya wakimbiaji hao kuna Maxi Nzengeli. Kabla ya kuvaa jezi ya Yanga mwaka 2023 alikuwa AS Maniema Union ya Kindu. Katika ile 5-1 alifunga magoli mawili. Goli la Ngao ya Jamii mwaka jana lilikuwa lake pia. Upande wake wa kushoto nyuma kuna Chadrack Boka, aliyetoka Lupopo ya Lubumbashi. Na Simba haiko bila Wakongo: Elie Mpanzu, aliyetoka Vita Club, na Fabrice Ngoma wa katikati. Kwa hiyo nani akishinda, mwana Kongo atakuwa anasherehekea, na mwingine atakuwa anafuta machozi.

Njia hii ya kwenda mashariki si mpya. Karne ya 19, misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka Nyangwe na Kasongo, mji aliouweka Tippu Tip kuwa makao yake, ikapita Ujiji na Tabora hadi pwani. Wengi waliokwenda hawakurudi. Wajukuu wao wanaitwa Wamanyema mpaka leo, Kigoma, Ujiji na Dar es Salaam. Ndani ya Kariakoo kwenyewe, mtaa ambao umeipa mechi hii jina, kuna Msikiti wa Manyema. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936 katikati ya watu hao wa mji. Basi mzee wa Kasongo anayeshangilia Yanga hashangilii kitu cha kigeni kabisa. Tofauti ni kwamba zamani watu walipelekwa kwa minyororo, leo kijana anasaini mkataba.

Swali kwa Kasongo na Kabambare

Hapa ndipo jambo lenyewe liko. Maxi hakuruka kutoka kiwanja cha vumbi mpaka Kariakoo. Katikati palikuwa na ekipe ya jimbo yenye kucheza daraja la kwanza, yenye kuonekana. Maniema Union msimu huu ilifika makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ilikwenda Afrika Kusini ikatoka 0-0 na Sundowns kwenye mechi ya kwanza. Haikuvuka kundi, maana walikuwemo pia Raja na FAR za Morocco, lakini wenye kutafuta wachezaji waliiona. Hata hivyo mechi zake za nyumbani ilizichezea Kinshasa. Mwana Maniema hakuweza kuiona ekipe yake kwenye ardhi yake.

Na kama Kindu iko mbali na Kinshasa, Kasongo na Kabambare ziko mbali na Kindu. Mvua ikinyesha, barabara inakatika, na safari ya kijana kwenda kujaribiwa inageuka mzigo wa familia nzima. Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza, na Bukavu mwezi wa pili, mlango wa Kivu nao umebana. Vijana wa huku walio na kipaji wamebaki na njia chache kuliko mwaka jana.

Fiston Mayele, aliyepita Vita na kisha Yanga, tarehe 1 mwezi huu alifunga katika fainali na kubeba Ligi ya Mabingwa na Pyramids ya Misri. Hiyo inaonyesha Dar es Salaam imekuwa ngazi ya kweli kwa Mkongo. Lakini ngazi inahitaji kipande cha kwanza cha chini: mashindano ya kudumu kati ya Kasongo na Kabambare, yenye kalenda, yenye kanuni inayojulikana kwa wote kabla ya filimbi, na mtu wa kuandika majina ya wanaofanya vizuri ili Kindu ipate kuwaita. Kazi hiyo haingoji pesa ya Kinshasa yote. Walimu, wakubwa wa mitaa na viongozi wa mpira wa hapa wanaweza kuianza.

Kabla ya Jumatano

Mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni saa. Dar es Salaam iko mbele yetu saa moja. Redio ya Tanzania ikitangaza saa 11 ya jioni, hapa kwetu ni saa 10. Kila mara kuna wanaofika mechi iko nusu.

La pili ni pari. Mechi ya pointi moja kati ya ekipe mbili zilizofungwa mara tatu tu kwa jumla msimu mzima haina mtu wa kuijua. Anayesema ana uhakika anakudanganya. Pesa ya shule ya watoto, pesa ya mbegu na pesa ya dawa zisipelekwe kule. Na jirani yako akivaa nyekundu wewe ukiwa na kijani, kumbuka kwamba Alhamisi mtakutana tena kwenye soko lilelile.