Bosnia nayo ni Ulaya

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu misikiti ya Ulaya ni nzuri, ila umetoka Córdoba ukaenda moja kwa moja hadi misikiti mipya ya Cambridge na Cologne, ukairuka Bosnia. Huko Waislamu si wageni; wamejenga na kuswali kwa zaidi ya miaka 500.

Chukua Msikiti wa Ferhadija, mjini Banja Luka. Ulijengwa mwaka 1579 kwa amri ya Ferhad-paša Sokolović: kuba kubwa moja, baraza lenye kuba ndogo tatu mbele ya mlango, na mnara mmoja mwembamba. Mei 1993, wakati wa vita vya Bosnia, ulilipuliwa, na kifusi chake kikaenda kutupwa jalalani ili pabaki kiwanja kitupu.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi ulivyorudishwa. Walioujenga upya hawakumwaga zege tu na kupaka rangi. Waliyatafuta mawe ya zamani, wakayatambua na kuyarudisha ukutani. Yaliyokosekana wakayachonga upya. Mwaka 2001 shughuli ya kuweka jiwe la msingi ilivamiwa na umati wenye ghasia, mtu mmoja akapoteza maisha. Kazi haikuachwa. Tarehe 7 Mei 2016 msikiti ukafunguliwa tena, na mwaka 2019 ukafuata ule wa Aladža mjini Foča, ambao nao ulikuwa umebomolewa mwaka 1992.

Tafadhali, ukiandika sehemu ya pili, anzia Bosnia.