Samsung Alikaa Mezani, Mkulima wa Kinole Je?

Makamanda, tukisikia neno mrabaha akili inakimbilia Geita na Mererani. Mimi nasema tuangalie pia milimani kwetu Uluguru, kwenye mbegu.

Kwanza shika simu yako. Ndani yake kuna chipu ya kutunzia picha na nyimbo. Kwa miaka mingi Samsung ya Korea ilikuwa inailipa SanDisk ya Marekani mrabaha ili itumie hataza zake za chipu hizo. Mwaka 2008 Samsung ikaona isiwe tabu, ikataka kuinunua SanDisk yote kwa dola bilioni 5.85. Ikakataliwa. Mwaka 2009 wakasaini mkataba mpya na Samsung ikapata nafuu ya malipo. Wakubwa wakibanana wanakaa mezani, maana kila mmoja ana hataza zake na mawakili wake.

Sasa njoo Kinole. Mkulima mdogo ana meza gani?

Mwaka 2012 Bunge lililojaa CCM lilipitisha sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu za mimea. Novemba 2015 Tanzania ikawa mwanachama wa 74 wa UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, chini ya mkataba wa 1991. Mwenye kusajili aina mpya analindwa miaka 20. Miti na mizabibu miaka 25. Ukitaka kuzalisha mbegu yake uiuze, unaomba leseni na unalipa.

Tusidanganyane. Mbegu ya asili ya bibi bado ni ya bibi. Na mgunduzi anastahili jasho lake, wakiwemo watafiti wetu wa SUA na TARI Ilonga. Tatizo liko hapa: kwa mkataba ule, mkulima anarudia mbegu iliyolindwa shambani kwake tu, tena mpaka serikali iruhusu. Kubadilishana na jirani? Serikali ndiyo iamue. Kuuza kisado gulioni bila ruhusa? Hapana. Wakati hivyo ndivyo mbegu zinavyosafiri Uluguru, toka Matombo hadi Mgeta, tangu kabla UPOV haijazaliwa mwaka 1961.

Halafu tazama upande wa pili. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul alituma kwao ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Ndugu za ua lile wamo kwenye misitu ya Uluguru. Leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani kwa jina lake yeye, Saintpaulia. Kipindi kile nani alitaja leseni? Chetu kikitoka ni mali ya dunia, chao kikiingia kina mwenyewe!

Kwa hiyo tudai mawili. Moja, kanuni ziandike waziwazi haki ya mkulima mdogo kutunza, kubadilishana na kuuza mbegu gulioni. Mbili, aina zilizozalishwa kwa kodi zetu mkulima mdogo asidaiwe mrabaha, maana ameshazilipia.

Mwaka 1955 wazee wa Uluguru waligomea matuta ya ngazi ya mkoloni, kwa sababu yaliamuliwa juu ya vichwa vyao. Damu ilimwagika Matombo. Sisi hatuhitaji kufika huko, tuna kura. Mgombea akipanda mlimani kuziomba, swali la kwanza liwe la mbegu. Akibabaika, ashuke nazo hizo fulana zake.