Maandishi Yale Si Pambo

Mwana wa ndugu yangu aliyeko Uingereza ameniletea picha ya chombo cha maua alichokiona katika jumba la makumbusho, kazi ya Rengetsu wa Japani. Kibandiko chake kimetaja udongo, kimetaja kimo, kisha kikamalizia: chombo kilichopambwa kwa shairi na majani. Naye kijana akaongeza yake: "Ami, si lazima kujua kilichoandikwa, uzuri wake unatosha." Nakataa, tena nakataa hadharani, maana kauli hii naisikia hata majumbani mwetu.

Otagaki Rengetsu alizaliwa Kyoto mwaka 1791. Aliwazika watoto wake, na alipofiwa na mume wa pili mwaka 1823 akanyoa nywele, akawa mtawa wa Kibudha. Baba aliyemlea naye akafariki mwaka 1832. Hapo ndipo alipoushika udongo, apate riziki. Aghalabu alifinyanga kwa mikono mitupu bila gurudumu, na alama za vidole vyake zingali zaonekana. Kisha, udongo ukiwa bado mbichi, alizichonga tungo zake mwenyewe ubavuni mwa chombo, ndipo kikatiwa motoni. Tungo hizo ni waka, zenye mizani 31 kwa mafungu matano: 5, 7, 5, 7 na 7. Sisi tuliolelewa na mshororo wa mizani 16 twajua jinsi nafasi hiyo ilivyo finyu, na humo humo alitia mwezi, maua ya mcheri, msonobari, na majira ya mwaka. Maneno yanakizunguka chombo. Anayetaka kuyamaliza hana budi akishike na kukigeuza.

Sasa niambieni, pambo liko wapi? Pambo ni kitu ukiondoacho na chenyewe kikabaki. Yaondoeni maneno ya Rengetsu mbaki na chungu cha upande upande, katika mji wa Kyoto uliojaa wafinyanzi hodari kuliko yeye. Watu walinunua maneno. Waliyataka hata wakazuka waigaji, na inasimuliwa kwamba bibi huyo hakuwakasirikia, bali aliwasaidia. (Mimi nisingeuweza ukarimu huo.)

Nakiri kuwa mwandishi wa kibandiko ana udhuru. Khati ile ni ya mkato, na Wajapani wengi wa leo hawawezi kuisoma, maana tangu mwaka 1900 shule zao zilifundisha umbo moja tu kwa kila herufi ya hiragana, na maumbo mengine yakasahaulika. Lakini asiyejua kusoma aseme hajui kusoma. Asiligeuze shairi kuwa majani.

Na sisi je? Babu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tukapelekwa shule za herufi za Kizungu, na leo karatasi zao tunazitia fremu za dhahabu. Katika ukoo wetu kuna moja iliyotundikwa sebuleni miaka kumi na moja. Wageni waliisifu, wengine wakidhani ni dua, na wenye nyumba wakaliacha jambo lilivyo. Mwezi uliopita niliomba ishushwe, nikavaa miwani, nikaisoma. Si dua. Ni barua ya bibi yetu kwa kaka yake, akimdai fungu lake la shamba la mikarafuu na kumkumbusha kuwa hii ni mara ya tatu kumwandikia. Mwanamke anadai haki yake, nasi tunasifu mkunjo wa herufi zake!

Kijana wangu ataniwia radhi kwa ukali huu. Barua sasa iko mezani kwangu, nimeinukuu neno kwa neno, na nakala nitampa kila aitakaye. Nanyi mlio wa upande wa kaka yake, mlioko Muscat na mlioko ng'ambo, tafadhali fungueni masanduku yenu na shusheni fremu zenu, mtazame kama alimjibu.