Kuhamia Dodoma: Chagua Mtaa Kabla ya Nyumba

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malezi, akiba na afya ya watu wa nyumbani. Leo tugeukie jambo linaloyagusa yote matatu kwa pamoja, nalo ni uhamisho. Barua ya uhamisho huandikwa jina la mtu mmoja, lakini wanaohama ni wote waliomo nyumbani mwake: mke au mume, watoto, mama mzee, na pengine mpwa anayesoma. Ajabu ni kwamba inapofika siku ya kuamua wakae mtaa gani katika mji mgeni, aghalabu anayeamua ni yule mmoja mwenye barua, ambaye ndiye atakayeuona mtaa huo kwa saa chache kuliko wote.

Tuuchukue mji wa Dodoma uwe mfano wetu. Uamuzi wa TANU wa kuhamishia huko makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi waliijua kwa jina la CDA. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikwenda polepole. Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kwamba sasa inahama kwa vitendo, na wizara zikaanza kufuatana. Mwaka 2017 CDA ilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa halmashauri. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu 410,956. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Katika watu hao wa nyongeza wamo watoto waliozaliwa hapo, lakini wamo pia maelfu waliofika na mizigo yao, wakamwuliza dalali: "Nyumba iko wapi?"

Swali hilo ni jema, ila limetangulizwa kabla ya wakati wake. Swali la kwanza lingepaswa kuwa: "Nani atakayekaa humo mchana?"

NANI ATAKAYEBAKI?

Mwenye barua ya uhamisho huondoka alfajiri na kurudi jioni. Kwake mtaa ni mahali pa kulala. Ila kwa mama aliyejifungua juzi, kwa mzee anayehitaji dawa za shinikizo la damu kila mwezi, kwa mtoto wa darasa la pili anayekwenda shule kwa miguu, mtaa ni ulimwengu mzima. Wao ndio watakaojua kama bomba linatoa maji, kama zahanati iko karibu, kama njia ya shuleni inakatiza korongo au barabara kubwa ya malori. Kwa hiyo haki ya kuchagua ni yao kwanza.

Familia ikikosea hapa, matokeo yake huonekana upesi. Mke huvumilia miezi mitatu, watoto hushindwa kuizoea shule, na mwishowe husemwa: "Basi, nyinyi rudini Dar es Salaam, mimi nitakuwa ninakuja mwisho wa juma." Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inasafirisha abiria baina ya miji hiyo miwili kwa muda wa takribani saa nne, jambo ambalo ni neema kubwa kwa wasafiri. Lakini neema hiyo hiyo imewarahisishia wengi kuishi nyumba mbili. Nyumba mbili ni kodi mbili, majiko mawili, na mtoto anayemwona mzazi wake siku mbili katika saba. Wapo wanaolazimika kuishi hivyo kwa sababu za ugonjwa, kazi ya mwenzi au mtihani wa mtoto, nao hatuwalaumu. Tunaowasemea ni wale ambao wangeweza kukaa pamoja kama mtaa ungechaguliwa kwa busara.

CHORENI SAFARI ZA SIKU MOJA

Kabla ya kwenda kutazama nyumba yoyote, kaeni pamoja mezani na karatasi moja. Andikeni jina la kila mtu wa nyumbani, na mbele ya kila jina andikeni anakopaswa kufika kila siku au kila juma: kazini, shuleni, kliniki, sokoni, msikitini au kanisani.

Kwa Dodoma karatasi hiyo itawafunulia mengi. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, upande wa mashariki, kiasi cha kilomita 17 kutoka katikati ya mji kwa barabara iendayo Morogoro. Mfanyakazi wa wizara atavutwa na mitaa iliyo njiani, kama Nzuguni na Ihumwa. Lakini ikiwa mwenzi wake anafundisha shule iliyo upande wa magharibi, huko Nkuhungu au Kizota, kila mmoja atavuka mji mzima, ama mmoja atavuka mara mbili. Anayehitaji daktari bingwa mara kwa mara atafikiria Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Huyo pengine Iyumbu itamfaa kuliko Msalato, iliyo kaskazini kwa njia ya Kondoa. Hakuna mtaa ulio mzuri kwa watu wote. Upo ule unaopunguza safari za wale walio dhaifu zaidi nyumbani mwenu.

Kwa mtoto mdogo pimeni njia yenyewe. Ifuateni kwa miguu, kwa mwendo wa mtoto, saa ile ile atakayoipita. Kisha ingieni shuleni na kumwuliza mwalimu mkuu kama nafasi ya kumpokea ipo, kabla hamjalipa kodi. Si jambo la busara kupanga karibu na shule kisha mtoto akaambiwa darasa limejaa.

MAJI NA HESABU YA KODI

Dodoma ni nchi kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hivi hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka hukaribia nusu tu ya ile inyeshayo Dar es Salaam. Kwa muda mrefu mji umetegemea zaidi visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na jinsi watu walivyoongezeka ndivyo maji hayo yalivyogawanywa kwa zamu katika mitaa mingi. Visima vingine vya watu binafsi hutoa maji yenye chumvi, yanayofaa kufulia lakini yanayosumbua kunywa na kupikia. Basi usitosheke kuliona bomba uani. Fungua bomba. Uliza maji hutoka siku zipi, huja saa ngapi, na kama nyumba ina tangi. Muulize mpangaji wa jirani, maana mwenye nyumba ana sababu ya kukupendeza.

Wengi huvutwa na kodi ndogo ya mtaa wa mbali. Tufanye hesabu kwa bei za mfano. Tuseme nyumba ya mbali ina kodi pungufu kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Watoto wawili wanapanda daladala kwenda na kurudi, kila safari shilingi 400: hizo ni shilingi 1,600 kwa siku, na kwa siku 22 za masomo ni shilingi 35,200. Maji yananunuliwa, madumu 5 kwa siku kwa shilingi 300 kila moja: shilingi 1,500 kwa siku, yaani shilingi 45,000 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 80,200. Kodi iliyoonekana nafuu imewala shilingi 20,200 zaidi, tena hatujahesabu nauli ya baba wala bajaji ya usiku mtoto anapougua. Kila familia na ifanye hesabu hii kwa bei za mahali inapohamia. Kodi peke yake haisemi ukweli wote.

UTAZAME MTAA ZAIDI YA MARA MOJA

Siku hizi picha za nyumba hupelekwa kwa simu, na malipo nayo hupelekwa kwa simu. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, na dalali naye hudai ujira wake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Ukishalipa, kuhama ni hasara. Afadhali mmoja wenu atangulie, alale kwa jamaa au katika nyumba ya wageni siku tatu, autembelee mtaa asubuhi, mchana na usiku. Mchana utaona soko na vumbi. Usiku utasikia kama jirani yako ni baa ya muziki, na utaona kama njia itokayo kituo cha daladala ina taa.

Kadhalika uwazie msimu usiouona. Ukifika Septemba, wakati korongo ni kavu na watoto wanalichezea, ni rahisi kusahau kwamba Januari litapitisha maji. Tazama chini ya kuta kama kuna alama za tope. Tazama majirani wameinua msingi kiasi gani: wenyeji hawapotezi saruji bila sababu. Mwulize bibi auzaye mboga pembeni ya njia, maji hupita wapi mvua ikinyesha. Ukifika wakati wa mvua, uliza habari za Oktoba, miezi ya upepo, vumbi na foleni ya madumu. Nanyi mtokao pwani, chukueni mablanketi. Usiku wa Juni na Julai huko si wa shuka moja.

KWA ANAYETAKA KIWANJA

Wengine hawataki kupanga bali kujenga. Hao tunawasihi wasione haya kukaa mwaka mmoja katika nyumba ya kupanga kwanza. Mwaka mmoja huonyesha misimu yote, nao hufundisha ni mtaa gani watu huusifu na kuhama, na ni upi huulalamikia na kubaki.

Siku ya kununua ikifika, usiridhike na maneno ya "kiwanja kimepimwa". Nenda ofisi ya ardhi ya jiji na namba ya kiwanja na ya kitalu, uulize ni cha nani, kimetengwa kwa matumizi gani, na kama kina deni au shauri. Mji huu unaendelea kupanuliwa; barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 iliyoanza kujengwa katika miaka hii ya 2020 imegusa mashamba na viwanja vingi vya pembezoni. Hakikisha ardhi yako haimo ndani ya hifadhi ya barabara, ya reli wala ya korongo. Hati ya kumiliki ardhi nchini mwetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Isome, ujue iliyobaki ni mingapi. Na hati iandikwe majina ya wote wawili, mume na mke. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na akiba iliyonunua kiwanja aghalabu ni jasho la wote.

MAJIRANI

Mwisho kuna jambo lisiloandikwa katika ramani yoyote. Katika mji mgeni mama mkwe yuko mbali, shangazi yuko mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto akipandwa na homa usiku wa manane, mlango utakaobishwa ni wa jirani. Kwa hiyo, unapoutazama mtaa, tazama kama watu wanasalimiana, na kama watoto wa nyumba mbalimbali wanacheza pamoja. Mtaa wenye nyumba nzuri na kuta ndefu ambamo hakuna anayemjua mwenzake huenda ukamfaa msafiri, lakini ni mzito kwa mama aliye peke yake na mtoto mchanga.

Ujirani nao una mlango wake. Juma lile lile la kuhamia, nendeni wote wawili kwa mjumbe wa nyumba kumi na kwa ofisi ya serikali ya mtaa, mkajiandikishe. Msingoje mpaka siku mtakapotaka barua ya utambulisho wa benki au wa dhamana, mkafika kama watu msiojulikana. Wenyeji wa Dodoma ni Wagogo, watu wakarimu. Jifunzeni kuwaambia "Mbukwenyi", na mama asione tabu kumwomba jirani amfundishe kupika mlenda wa huko. Anayeombwa kufundisha hujiona ameheshimiwa, na urafiki huanzia hapo.

Basi ndugu uliyeshika barua ya uhamisho, usiende kwa dalali leo. Waite wa nyumbani mwako, toa karatasi, na kila mmoja aseme anahitaji kufika wapi. Mzee aseme, na mtoto wa darasa la pili naye aseme. Mtaa wakiuchagua wao, watauvumilia hata siku bomba litakapokauka.

Juma lijalo tutazungumza juu ya namna ya kumsaidia mtoto aliyehamishwa shule katikati ya mwaka.